Lita Mia Mbili na Arobaini

Zbyněk alipolazwa, wadi ya mapafu, Ostrava,
aliniachia tangi na karatasi ya maagizo:
chakula punje ngapi, taa izimwe saa ngapi,
na chini kabisa, kwa mwandiko wa mkono uliochimba makaa miaka thelathini:
Vlasta, usiwaguse.

Sikuwagusa. Walikufa wenyewe,
wale wadogo wenye mstari mwekundu,
mmoja mmoja, kwa adabu,
kama watu wanaoaga msibani kabla chai haijamiminwa.

Nikaona aibu. Jumapili nikaenda soko la wanyama,
theluji imekuwa tope viatuni,
nikamkuta Quyet, mzaliwa wa mtaa wetu, mama yake wa Hanoi,
amepanga mifuko ya maji mezani.
Nilichagua kwa macho tu: wa bluu mmoja, wa njano mmoja.
"Hawa asili yao Ziwa Nyasa," akasema, "miambani.
Mawe unayo, mama?"
Ninayo, nikasema.
Nilikuwa nalo moja.

Kulipokucha magamba yanaelea.
Wa njano amejibanza nyuma ya hita, mkia umebaki nyuzi.
Kambare wa Zbyněk, kikongwe wa miaka tisa,
yuko juu, tumbo limeelekea taa.
Na wa bluu analizunguka jiwe lake,
jiwe moja, himaya nzima.

Fahali wawili zizi moja, hilo nalijua.
Nisilolijua ni kwamba dawa yake ni kuongeza fahali.

"Ongeza," Quyet alisema. "Usipunguze.
Mbabe na mnyonge mmoja, huo ni msiba.
Mbabe na ishirini na tano, hizo ni kelele;
hajui aanze na nani, anachoka.
Waingie wote siku moja, gizani.
Dume mmoja, majike watatu, wanne.
Na mawe yahamishe yote kwanza,
ili hata mwenyeji aamke mgeni."

Nilipanda na maneno hayo hadi ghorofa ya nane.
Milango sitini na minne, lifti moja,
mashine ya kufulia moja na daftari la zamu,
na Bi Hedvika wa chini, anayegonga dari kwa fagio
kila pampu ikinguruma.
Huenda aliyechora jengo hili alifuga samaki.

Nikateka mawe mtoni, ndoo nne,
nikayachemsha kwenye sufuria ya supu.

Alirudi Machi, mtungi wa oksijeni ukimfuata kwa magurudumu.
Akaketi. Akatazama.
"Wangu wako wapi?"
Nikafunika kombe.
Nusu saa hivi. Wa bluu akamkimbiza wa chungwa,
wa chungwa akamkimbiza wa milia,
wa milia akakosa wa kumkimbiza, akakimbiza kinyesi.
"Yule wa bluu," akasema, "ni mkuu wa zamu yetu mtupu,"
akacheka hadi akakohoa,
akakohoa hadi nikashika mgongo wa kiti.

Sasa wa njano, yuleyule wa mkia wa nyuzi,
kidevu kimemvimba. Siku ya kumi na moja hagusi chakula.
"Anaumwa," Zbyněk anasema.
Haumwi, namwambia. Ana wana mdomoni.
Akiufungua ale, watamtoka,
na hapa nje kila mmoja ana meno.
"Wiki tatu? Na njaa yote hiyo? Anawezaje?"

Daktari alipiga simu Jumanne, akataja miezi,
idadi ya kuhesabika kwa mkono mmoja.
Tangu hapo nimeosha sufuria ya supu mara mbili, ikiwa safi.

Kioo kinatuonyesha sote wawili, yeye na mrija wake, mimi na kitambaa.
Chini fagio linagonga.
Jike amejificha kati ya mawe niliyoyapanga mimi,
taya linatikisika kidogo, kidogo, likiwageuza.

"Anazoea," nikamjibu,
bila kufungua mdomo sana.